Koo Linakereketa Asubuhi: Utoke au Ubaki?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Tuanze na asubuhi ambayo kila mmoja wetu anaijua. Umeamka koo linakereketa. Pua inachuruzika kidogo, kichwa kizito lakini hakiumi. Umepima joto, 37.4. Umeoga, umekunywa kitu cha moto, na sasa unajisikia nafuu. Kazini wanakungoja. Na huko nje kuna janga, ugonjwa wa kuambukiza unaopita katika watu kama moshi. Utoke au ubaki?

Wengi wetu hulijibu swali hili kwa kujipima nguvu. Naweza kusimama? Naweza kutembea? Basi mimi si mgonjwa. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Nguvu ulizonazo zinaeleza jinsi mwili wako unavyoupokea ugonjwa. Hazielezi hata kidogo umebeba virusi kiasi gani puani na kooni. Mtu anaweza kuwa na mafua ya kupangusa tu kwa leso, na pumzi yake ikawa imejaa virusi kuliko ya yule aliyelala kitandani siku ya nane.

Ili tuelewe kwa nini, turudi nyuma hadi 2003. Mwaka ule dunia ilipambana na SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona. Ilikuwa kali: watu 8,098 waliugua na 774 wakafa. Lakini Julai 2003 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mnyororo wa maambukizi umekatwa, na hapakuwa na chanjo wala dawa. Iliwezekanaje? Mgonjwa wa SARS alitoa virusi vingi zaidi akiwa tayari yuko taabani, mara nyingi katika wiki ya pili. Kufikia hapo hakuwa sokoni wala kwenye basi, alikuwa kitandani au wodini. Ukiwapata wenye homa ukawatenga, umewapata karibu wote wanaoambukiza.

Sasa mtazame kirusi ndugu yake aliyekuja mwishoni mwa 2019, huyu wa Uviko-19, tuliyezoea kumwita korona. Yeye hujaa puani na kooni mapema, karibu na siku ile dalili zinapoanza, na mtu anaweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hata hajapiga chafya ya kwanza. Homa ya mafua, ile influenza, nayo ina tabia hiyo hiyo: huanza kuambukiza kama siku moja kabla ya dalili, na siku tatu za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Magonjwa ya namna hii hayahitaji mtu aliyezidiwa ili yasafiri. Yanamhitaji yule mwenye nafuu, anayetembea, anayesalimiana, anayesema "ni kamafua kadogo tu."

Kwa hiyo sentensi yenye gharama kubwa kuliko zote ni hii: "Ngoja nione kesho nitaamkaje." Kesho utakuwa umeona, ndiyo, lakini leo ndiyo siku iliyokuwa na uzito. Uamuzi unafanywa asubuhi ile ile, ukiwa hujui bado ugonjwa utakwenda wapi.

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe maswali mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza: je, nitoke nikachanganyike na watu? La pili: je, niende kituo cha afya? Watu huyafanya kuwa moja, wakidhani asiyestahili hospitali basi anastahili kwenda kazini. Hapana. Katikati pana kundi kubwa la watu, tena ndilo kubwa kuliko yote: wasio wa hospitalini wala wa kazini. Ni wa nyumbani.

Tulichukue swali la kwanza. Wakati wa janga, dalili yoyote mpya ya njia ya hewa, au homa, au mwili kuuma bila sababu, inatosha kukubakiza nyumbani siku hiyo. Neno la kushika hapo ni "mpya." Mwenye mzio anaujua mzio wake: macho yanawasha, chafya zinakuja kwa mfululizo, hakuna homa, na kidonge chake cha siku zote kinamtuliza. Huyo anaweza kwenda na shughuli zake. Lakini akiona safari hii kidonge hakitulizi, au kumeongezeka mwili kuuma, au koo linauma kwa namna asiyoizoea, hiyo ni dalili mpya hata kama pua ni ile ile. Mwenye kikohozi cha muda mrefu naye ajilinganishe na hali yake ya kawaida, asijilinganishe na ya jirani.

Joto sasa. Kipimajoto ni chombo rahisi, na pengine kwa sababu hiyo kinatumiwa vibaya mno. Ukipima kwapani, futa jasho kwanza, weka ncha katikati kabisa ya kwapa ili iguse ngozi na si nguo, bana mkono na utulie mpaka kilie. Kwapa husoma chini kuliko mdomo kwa takriban nusu nyuzi, hivyo 37.6 ya kwapani si ya kuidharau. Ukipima chini ya ulimi, subiri kama nusu saa baada ya kunywa kitu cha moto au baridi. Vile vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso hudanganywa na jasho, jua na upepo. Aliyetoka kutembea juani anaweza kuonekana ana homa, na aliyeloa jasho la homa akaonekana mzima. Kwa kawaida tunaita homa joto likifika nyuzi 38, lakini mkumbuke pia kwamba joto la mwili hupanda jioni na kushuka alfajiri. Kipimo kimoja cha asubuhi hakitoshi kumtangaza mtu kuwa haumwi.

Kisha kuna udanganyifu tunaojifanyia wenyewe. Parasetamoli hufanya kazi saa nne hadi sita. Ukimeza vidonge saa kumi na mbili asubuhi, ukapima saa tatu ukapata 36.8, umepima kidonge, hujajipima mwenyewe. Ndiyo maana miongozo husema mtu akae saa 24 bila homa na bila kutumia dawa ya kushusha homa. Andika saa uliyomeza. Akili ya mgonjwa haiaminiki kwa mambo ya saa.

Na kutokuwa na homa si hati ya uzima. Wagonjwa wengi wa Uviko-19 hawakuwahi kuwa nayo. Wazee ndio hasa: mzee anaweza kuwa na nimonia na joto lake likabaki la kawaida, dalili ikawa ni kukataa chakula, kuanguka, au kuongea mambo yasiyoeleweka kwa mtu aliyekuwa timamu jana.

Tuje kwenye kipimo cha haraka, kile cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za virusi, ambacho mtu anajipima mwenyewe. Tukitazame kwa karibu, maana makosa mengi yamo katika dakika zile ishirini. Nawa mikono. Angalia tarehe ya mwisho ya kutumika. Vingi vya vipimo hivi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, na pakiti iliyoshinda ndani ya gari juani imekwisha kuharibika hata kama tarehe haijafika. Penga pua kwanza. Ingiza kijiti kadiri maelezo ya pakiti yanavyosema, kizungushe kikisugua ukuta wa ndani wa pua, tundu zote mbili. Kijiti kikielea katikati ya tundu bila kugusa ukuta, umechukua hewa tu. Kisha kikoroge kwenye kimiminika chake, ukiminya kichupa, ili ulichokusanya kitoke kijitini. Dondosha matone kwa idadi iliyoandikwa, weka kipimo mahali tambarare, tega saa. Kama maelezo yanasema dakika 15, soma dakika ya 15. Ukisoma dakika ya tano unaweza kukosa mstari uliokuwa njiani kuja. Ukikisahau ukarudi baada ya saa mbili, unaweza kukuta mstari ulioletwa na kukauka tu.

Mstari wa kidhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, usipotokea, kipimo hicho ni cha kutupa. Na mstari wa pili ukitokea, hata uwe hafifu kama kivuli cha unywele, jibu ni ndiyo. Watu hukaa dirishani wakiugeuzageuza mwangani wakitafuta sababu ya kutouona. Ukihitaji mwanga mkali ili uuone, bado umeuona.

Je, kisipoonyesha kitu? Hapa tuwe waangalifu. Kipimo cha antijeni kinahitaji virusi vingi ili kione. Mtu aliyechanjwa au aliyewahi kuugua huanza kusikia dalili mapema, kwa kuwa kinga yake inamtambua adui haraka, wakati virusi bado ni vichache. Anapima siku ya kwanza, hapati kitu, anatoka. Siku ya tatu virusi vimejaa, naye yuko katikati ya watu akiwa na jibu la juzi mfukoni. Kwa hiyo ukiwa na dalili na kipimo kikasema huna, baki, rudia baada ya saa 48. Jibu la "hapana" la siku ya kwanza ni la muda tu. Jibu la "ndiyo," wakati ugonjwa umeenea, liamini papo hapo.

Kipimo cha PCR, kile cha maabara, kina tabia tofauti. Kinaona vipande vidogo mno vya virusi, na kinaweza kuendelea kusema "ndiyo" kwa wiki kadhaa baada ya mtu kuacha kuambukiza. Ni kizuri kwa kuthibitisha kwamba unaumwa, lakini usikitumie kuamua siku ya kutoka.

Mtauliza: nikibaki, nibaki siku ngapi? Jibu hutegemea ugonjwa wenyewe na mamlaka ya afya ya mahali ulipo, na mwongozo wao ndio wa kufuatwa. Ila msishangae namba zikibadilika katikati ya njia. Kwa Uviko-19, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilishusha siku za kujitenga kutoka 10 hadi 5 mnamo Desemba 2021, na Machi 2024 kikaachana na hesabu hiyo: baki nyumbani mpaka upitishe saa 24 ukiwa unaendelea kupata nafuu na huna homa bila dawa, kisha siku tano za tahadhari za ziada. Shirika la Afya Duniani, Januari 2023, lilisema siku 10 tangu dalili zianze kwa asiyepima tena, na kwamba anayepima na kukutwa hana anaweza kuachiwa mapema. Wapo waliozicheka tofauti hizi wakaona ni ubabaishaji. Zilibadilika kwa sababu kinga za watu zilibadilika, virusi vilibadilika, na gharama ya kuwafungia watu ilipimwa upya. Janga likiwa bichi, hakuna anayejua namba kamili. Wakati huo chagua ndefu.

Hesabu yenyewe huwakanganya watu. Siku dalili zilipoanza ni siku ya sifuri, kesho yake ndiyo ya kwanza. Usihesabu kutoka siku uliyopima. Koo lilianza Jumatatu, ukapima Alhamisi: hesabu yako inaanzia Jumatatu. Kwa asiye na dalili, ndipo tunahesabu kutoka siku ya kipimo, na dalili zikijitokeza baadaye anaanza upya. Na tusichanganye maneno: karantini ni ya mtu aliyekaa na mgonjwa lakini hajui kama ameambukizwa, kujitenga ni kwa aliyekwisha kuugua. Siku zake hazilingani, kwa sababu wa karantini anasubiri ugonjwa ujitokeze, na kipindi hicho kinaweza kuwa kirefu. Kwa Uviko-19 ni kati ya siku 2 na 14.

Sasa swali la pili: hospitali. Kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, dalili nyepesi hazihitaji foleni ya kliniki. Foleni yenyewe ni mahali pa kuambukizana. Lakini kuna watu ambao kwao "nyepesi" haimaanishi "subiri." Mwenye miaka 60 na zaidi, mjamzito, mwenye kisukari, maradhi ya moyo, figo au mapafu, anayetibiwa saratani, anayeishi na VVU ambaye hajaanza dawa au aliyeziacha: huyu apige simu kwa mhudumu wa afya siku ile ile ya kwanza. Sababu ni ya kitabibu kabisa. Dawa zinazopambana na virusi vyenyewe hufanya kazi virusi vikiwa bado vinazaliana. Oseltamivir, ya homa ya mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Nirmatrelvir pamoja na ritonavir, kwa Uviko-19, huanzwa ndani ya siku tano. Mtu wa kundi hili akisubiri azidiwe ndipo aende, anafika mlango umekwisha kufungwa. Dalili nyepesi ndiyo saa yake ya matibabu.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 apelekwe kuonwa siku hiyo hiyo, janga liwepo lisiwepo.

Na jambo jingine, maana janga huwafanya watu wasahau maradhi mengine. Kama unaishi au umetoka mahali penye malaria, homa ipimwe malaria upesi, ndani ya saa 24. Malaria inaweza kumgeuka mtu kwa siku moja. Kujifungia chumbani na malaria ukidhani unawalinda wengine ni kosa linaloua. Nenda, ila piga simu kabla, vaa barakoa, na useme mlangoni kwamba una dalili, ili wakuweke pembeni na wengine.

Aliyebaki nyumbani ajue cha kuchunga. Kwa Uviko-19, wengi waliozidiwa walizidiwa kati ya siku ya tano na ya kumi, baada ya kuonekana wana nafuu. Kwa hiyo mgonjwa awe na daftari. Asubuhi na jioni: joto, pumzi kwa dakika, oksijeni kama kifaa kipo, na amekunywa nini. Kuhesabu pumzi mtazame kifua akiwa ametulia na hajui unamhesabu, dakika nzima ukitazama saa. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Akipita 30, hiyo ni hali mbaya. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, mara 40 na kuendelea ni hatari, wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 na kuendelea. Mtoto ambaye nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa, usimalize kuhesabu, ondoka naye.

Kile kifaa cha kubana kidoleni, oksimita, kina masharti yake. Mgonjwa aketi apumzike kama dakika tano. Ondoa rangi ya kucha. Mkono ukiwa baridi, upashe joto kwa kuusugua. Bana kidole, kiganja kitulie, na usisome namba ya kwanza inayorukaruka. Ngoja itulie, kama dakika moja. Kawaida ni asilimia 95 hadi 100. Ikishuka chini ya 94, piga simu upate ushauri. Ikifika 90 au chini yake, ni dharura. Tafiti zimeonyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo mwenye ngozi nyeusi asitulizwe na 94 au 95 ikiwa anahema. Tazama zaidi mwelekeo: jana 98, leo asubuhi 96, jioni 94, hiyo ni habari hata kabla namba haijawa mbaya.

Bila kifaa chochote, mpe sentensi ya kusema. Asiyeweza kuimaliza bila kukata pumzi aende hospitali. Vivyo hivyo mwenye kubanwa kifua kusikoachia, aliyechanganyikiwa, asiyeamka vizuri, au ambaye midomo na kucha zimepoteza rangi. Kwa ngozi nyeusi tazama ndani ya mdomo na ufizi, maana juu ya ngozi hutaona kitu.

Kuhusu kuishi na wenzako humo ndani: hewa kwanza, sabuni baadaye. Tumeona watu wakisugua vitasa vya milango mpaka rangi inatoka, huku madirisha yamefungwa na familia nzima imekaa chumba kimoja wakitazama runinga. Magonjwa haya husafiri zaidi katika hewa tunayopumua pamoja. Fungua madirisha ya pande mbili ili hewa ipite. Feni iwekwe dirishani ikipuliza nje, isiwe inampulizia mgonjwa kisha inawaletea wengine. Pazia la kugawa chumba linasitiri, lakini halizuii hewa. Kama chumba ni kimoja tu, laleni vichwa vikiwa mbali, mguu kwa kichwa, dirisha wazi, na mgonjwa avae barakoa wenzake wakiwa macho humo ndani. Ale peke yake, kwa kuwa wakati wa kula barakoa hutoka na mazungumzo huanza. Mhudumu awe mmoja, asiwe mzee wala mwenye maradhi. Barakoa isiyobana puani hupitisha hewa pembeni: ukivaa miwani na ikaingia ukungu kila ukipumua, ujue inavuja.

Ukihitaji klorini ya kufutia choo na sinki, ile ya asilimia 5 changanya sehemu moja na sehemu 49 za maji, yaani mililita 20 na maji ya kufikisha lita moja. Tengeneza mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na siki, asidi wala kisafishio chenye amonia, maana hutoa hewa yenye sumu.

Dawa. Parasetamoli ya miligramu 500: kimoja au viwili kwa mtu mzima, kila baada ya saa nne hadi sita, visizidi vinane kwa saa 24. Ajali hutokea kwa sababu dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu anameza vidonge viwili, kisha anakunywa ile ya unga ya mafua, na ini ndilo linalolipa. Soma maandishi. Watoto na vijana wenye dalili za virusi wasipewe aspirini, kwani huweza kuwaletea ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Antibayotiki haziui virusi. Asali inasaidia kikohozi, isipokuwa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ambaye haruhusiwi kabisa. Kujifukiza kwa maji yanayochemka chini ya blanketi kumeunguza watu wengi, watoto hasa.

Na kuna deksamethasoni, ambayo jina lake lilivuma sana baada ya utafiti wa Uingereza wa Juni 2020. Ule utafiti ulionyesha inaokoa maisha ya wagonjwa wa Uviko-19 wanaohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonekana kusaidia. Inapunguza nguvu ya kinga, na inapandisha sukari. Aliyebaki nyumbani na mafua mepesi akainunua "kwa tahadhari," amejifungulia mlango wa matatizo.

Anayetapika au kuharisha, na wapo wengi, anywe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi, ni hatari kuliko kuikosa, mtoto akiwa ndiye mnywaji.

Tuseme ukweli juu ya jambo moja linaloepukwa katika hotuba kama hizi. Kukaa nyumbani kuna gharama, na anayelipwa kwa siku analipa zaidi ya anayelipwa kwa mwezi. Kumwambia "baki" bila kusema atakula nini ni maneno matupu. Kwa hiyo mwajiri anayetaka barua ya daktari kwa kila mafua ajue anawatuma wenye virusi wakapange foleni na wajawazito na wazee, kisha warudi na karatasi. Awaamini kwa siku tatu za kwanza, maana ndizo za hatari zaidi. Na yule ambaye kwa kweli hana budi kutoka, apunguze madhara: barakoa ya N95 au FFP2, zile zinazochuja hewa vizuri zaidi, iliyobana vizuri, kazi ya nje badala ya ndani ikiwezekana, asile na wenzake, asiingie kwa wazee, na siku mbili tatu za mwanzo ajitahidi kuziacha kwa njia yoyote aliyonayo, hata kama ni kubadilishana zamu. Nusu ya tahadhari ni bora kuliko hakuna. Mipango ya nani ataleta mahitaji na dawa za kudumu za nyumbani za wiki mbili ifanyike mkiwa wazima, kwani asubuhi ya koo kukereketa si wakati wa kuanza kuwaza hayo.

Tumalizie na swali linaloulizwa kila mara: siku zangu zimekwisha, sina homa, lakini bado nakohoa, je, nitoke? Ndiyo, kama nafuu inaendelea. Njia ya hewa iliyochubuka huchukua wiki kadhaa kupona, na kikohozi kikavu cha kubakia si alama kwamba bado unaambukiza. Vaa barakoa kwenye mkusanyiko kwa siku tano za ziada. Homa ikirudi au hali ikageuka kuwa mbaya, rudi ndani. Na kikohozi kikipita wiki mbili, hasa kikiambatana na jasho la usiku, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, acha kukiita masalia ya korona. Peleka makohozi yapimwe kifua kikuu.